Asilimia Kumi

"Mkono unaendeleaje, mama?" aliuliza afisa wa bima huku akifungua faili.

"Vizuri tu, tunamshukuru Mungu," akajibu Getruda, kama anavyojibu mtu yeyote mwenye adabu akijuliwa hali.

Afisa akaandika.

Getruda alikuwa ametoka Bunda alfajiri hadi ofisi hii ya Musoma, mkono wa kulia ameufunika kwa kitenge. Miezi minane iliyopita fuso ilimgonga pale Nyasura, tairi likapita juu ya kiganja.

"Daktari alikupa ulemavu wa asilimia thelathini," afisa akasema, macho kwenye kikokotoo. "Lakini mwenyewe umesema unaendelea vizuri. Nashusha mpaka kumi, halafu nazidisha na kipato chako. Na kipato chako hakina risiti."

"Ulinijulia hali! Ulitaka nikujibu nini?"

"Nimeandika ulichosema."

"Nilikuwaga nasuka vikapu, we kijana. Saa hii hata ugali nasongewa na mke wa mwanangu."

"Hilo hukulisema mwanzo." Akamsukumia fomu na pedi ya wino, uso bado hajauinua. "Dole gumba la kulia, hapa kwenye kiboksi."

Getruda akaufunua mkono, akauweka juu ya kile kiboksi. Vidole vinne vilikuwa vimekakamaa. Mahali pa dole gumba palikuwa na kovu laini, linalong'aa kama ngozi ya kambare.

"Haya," akasema. "Lishike, ulichovye."