Chiriku wa Kumchunga Ngamia

Kulikuwa na Ngamia, wala si hapo kale sana, aliyekuwa akimbebea Kiboko chumvi kutoka jangwani, safari ya majuma matatu. Mwanawe alikuwa amezaliwa nyumbani, mwezi wa nne sasa, na hajamwona hata sikio. Kila akiomba ruhusa, Kiboko, ambaye hajawahi kutoka bwawani, humjibu, "Vumilia, ndugu yangu. Hata mimi nachoka."

Alichoka kweli, maskini, kwa kugeukia ubavu wa pili.

Siku moja Kiboko akampandisha Chiriku juu ya nundu. "Huyu akisimama tu, ruka uje uniambie."

Ngamia akasimama kukojoa. Chiriku akaruka siku nzima kwenda kusema, akarudishwa kuuliza kwa nini. Ngamia, hasira zimemjaa mpaka mdomo unamcheza, akajibu kwa adabu zote, akapiga hatua mbili, akasimama tena.

"Umesimama?" Chiriku akauliza kwa sauti ya kilio.

"Nimesimama, dada. Nenda kaniripoti."

Safari ya tano Chiriku alirudi manyoya yamempukutika. "Kaka Ngamia, nakuomba, nenda kokote unakotaka! Mimi nitamwambia hujasimama hata kupumua."

Ngamia akakata kona papo hapo. Na wakati ananusa shingo ya mwanawe, Kiboko alikuwa akiwatambia vyura, "Mnaona? Mfanyakazi ukimwekea wa kumchunga, husikii tena habari za likizo!"