Sauti ya Yunia

Wanajumuiya walijaa chumbani kwa Yunia kumwombea binti yake Keziya, ambaye ugonjwa ulikuwa umemkausha hadi akabaki macho tu. Katekista aliomba kwa sauti kuu, wengine wakapokea, na Yunia akaitikia “Amina” kama alivyoitikia maisha yake yote. Kuomba kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi. Aliamini sauti ya wengi ndiyo inayofika mbinguni.

Walipotoka, Keziya alifumbua macho.

“Mama, hawa wote wameniombea. Na wewe je?”

“Si nilikuwamo, mwanangu? Nimeitikia.”

“Niombee wewe, mama. Nataka nisikie sauti yako.”

Yunia alipiga magoti, akaushika mkono wa binti yake, akafumba macho. Aliyatafuta maneno ya katekista, yakamkimbia.

“Ee Mungu,” alisema. “Huyu ni Keziya. Anapenda uji wa moto, usiotiwa sukari. Ukimwamsha ghafla hununa. Giza analiogopa tangu mdogo. Kama ni lazima umchukue, mshike mkono, asitembee peke yake…”

Mama Doroka, mmoja wa wanajumuiya, aliyerudi kuchukua kanga yake aliyoisahau, alisimama mlangoni. Aliona mara moja kwamba Keziya amekwisha kukata roho. Akageuka, akawapungia wenzake kimyakimya.

Wakarudi, wakapiga magoti mmoja mmoja, kuanzia kizingitini hadi uani. Ndani, Yunia aliendelea kumweleza Mungu habari za mwanawe, macho kayafumba, na hakuna aliyethubutu kuitikia.