Msitu wa Mikono

"Anayejua, mkono huu," alisema mwanachuo wa ualimu, akainua mkono wake wa kulia, ulio upande wa dirisha. "Asiyejua, mkono huu." Akainua wa kushoto. "Lakini sitaki kuona mtu kakaa mikono chini. Nikiuliza swali, wote juu. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwaaalimu!"

Darasa la kwanza likajaribu. Alipoinua mkono wa upande wa dirisha, nao wakainua mikono ya upande wa dirisha, kama askari kwenye gwaride. Hakukosea hata mmoja. Moyo wake ukatulia kidogo.

Hila hiyo alipewa na Bibi Chaki, mwalimu mwenye darasa, ambaye sasa alikuwa akifundisha watoto wa wanafunzi wake wa zamani. "Mwanangu, wakaguzi wanapenda msitu wa mikono," alimwambia. "Wape msitu. Wewe mwenyewe unajua mti upi una tunda."

Uungwana haukuwemo humo, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara ya kwanza alipokaguliwa, mkufunzi kutoka chuoni aliandika maneno mawili tu: "Darasa limelala." Wanachuo walimwita Mkasi, kwa jinsi anavyokata alama. Akimfelisha na leo, chuo kinamfuta, naye anarudi saluni kwa shangazi yake kufagia nywele za watu. Shangazi alikuwa ameshanunua ufagio mpya. Hakusema ni wa nani.

Mkasi aliingia kengele ilipolia. Alimwinamia Bibi Chaki, "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ya mtu ambaye hajamaliza kazi ya nyumbani, kisha akaenda kujibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu.

"Kumi ukitoa nne, inabaki ngapi?"

Mikono yote juu! Msitu haswa. Mkasi akainua nyusi. Mwanachuo akapitisha macho taratibu, akahakikisha kwamba mkono ni wa kulia kweli, akamchagua Kibogoyo, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka.

"Nyekundu," alijibu Kibogoyo, bila wasiwasi wowote.

Kule nyuma kalamu ya Mkasi ikaanza kuandika. Kumruka mtoto mbele ya mkaguzi hakuwezekani, basi mwanachuo akamwaga vifuniko vya soda juu ya dawati, akachuchumaa.

"Hesabu kumi. Haya, sasa nipe vinne."

Kibogoyo akampa vyote.

"Hapana, baba. Vinne tu."

Wakarudia. Wakarudia tena. Mara ya tatu Kibogoyo alitazama vilivyobaki kwa muda mrefu, kisha akaruka kwenye benchi. "Thita!"

Swali la pili akalielekeza kwa mkono mwingine wa kulia, wa mtoto aliyevaa soksi moja. Mtoto akatazama dari, akamtazama jirani, akaangua kilio. Vifuniko vikamwagwa upya. La tatu likamwangukia binti mmoja ambaye sauti yake haikuwahi kusikika tangu shule ifunguliwe. Huyo alifungua mdomo, akaufunga. Mwanachuo, gauni lote vumbi la chaki, alimsogezea vifuniko kimoja kimoja na kumngoja, maana alishakata tamaa, na haraka ya nini tena? Hatimaye binti aliviambia vifuniko, si mwalimu: "Mbili." Darasa zima likapiga makofi bila kuambiwa.

Wakati huo wote, dawati la mbele, msichana waliyemwita Profesa, yule anayemfanyia hesabu kaka yake wa darasa la tatu, aliunyoosha mkono wake wa upande wa dirisha hadi ukafa ganzi. Akaushikilia kwa mkono mwingine. "Mwalimu, mimi! Mwalimu!" Mwanachuo akaangalia: wa kushoto. Ama kweli, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Hata Profesa leo hajui.

Kengele ikalia. Bibi Chaki alikuwa amejifanya anatafuta kitu kabatini, na hakutoa kichwa.

Mkasi alisubiri watoto watoke. Akavua miwani, akaifuta.

"Andalio lako la somo lina maswali kumi. Umeuliza matatu."

"Nisamehe, mkufunzi."

"Nimekagua wanachuo miaka na miaka. Wote huchagua wanaojua. Mtoto anajibu, mkaguzi anafurahi, tunakwenda kunywa chai. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona mwalimu anawaacha wanaojua wangoje, anawafuata wasiojua, na habanduki mpaka wajue." Akatia saini. "Umefaulu. Tena vizuri sana."

Mwanachuo alifungua mdomo aseme ukweli. Akaukumbuka ule ufagio. Badala ya ukweli yakatoka machozi, akayafuta kwa mkono wenye chaki, uso ukawa mweupe.

Mkasi akajinasua kutoka kwenye dawati. Alitupa jicho kabatini, akapunguza sauti.

"Mimi nimesoma darasa hili hili. Kila mkaguzi alipokuja nilinyoosha mkono wa kushoto. Sikuulizwa hata mara moja."

Akachukua mkoba wake, akaenda hadi mlangoni, akageuka.

"Ila siku nyingine, mwanangu, ukiwaonyesha mkono wa kulia, wape mgongo kwanza."