Adau Achagua Kadi ya Picha

Katika duka moja la Lodwar, Adau alikuwa ameshachagua kompyuta ya bei rahisi kwa kibanda chake cha michezo ya video kambini Kakuma. Ile yenye kadi bora ya picha, kifaa cha ndani kinachofanya michezo ionekane laini, ingemmalizia akiba yake yote.

Muuzaji alikuwa amemjaribishia zote mbili. Kwenye hii ya bei rahisi, gari la mchezo lilikwenda kwa kushtukashtuka. Kwenye ile ya bei ghali lilitimua vumbi jekundu hadi pembeni mwa kioo, na Adau alijikuta amefumba macho kidogo.

"Umefanya vizuri, mama," muuzaji alisema akifunga sanduku. "Nyinyi wakimbizi mtajua tofauti gani?"

Damu ikamchemka. Akakandamiza kiganja juu ya sanduku.

"Mimi mkimbizi, lakini macho iko. Fungua. Leta ile ingine."

Muuzaji akacheka. Adau hakuondoa mkono.