Sindano ya Mama Véronique

Mzee Bulaimu alikataa kutia sahihi huku suruali yake ikiwa magotini.

"Kinini ya kumeza ni ya watoto," alisema. Alikuwa amelalia tumbo kwenye kitanda cha kamba, akingoja sindano. "Dawa yenye haiumize mutu, itafukuza malaria namna gani?"

Magloire alifunga kalamu. Huyo alikuwa mgonjwa wa kumi na tisa kumkatalia. Alikuwa amekuja kijijini Lusangi na karatasi arobaini, na zote bado zilikuwa nyeupe.

Miaka sita aliimalizia maabarani huko Kinshasa, akitafuta udaktari wa falsafa katika dawa za peptidi. Ukimuuliza peptidi ni nini, atakueleza mpaka ugali upoe. Kwa kifupi, ni dawa iliyotungwa kama shanga kwenye uzi. Ukiimeza, tumbo linakata uzi na shanga zinapotea, ndiyo maana wagonjwa huchomwa sindano. Magloire alikuwa amepata njia ya kuivika koti la mafuta ili ipite tumboni salama. Profesa wake alimpongeza, kisha akauliza swali la kipumbavu, na hayo ndiyo maswali magumu: watu wataimeza? Akataka sahihi za wagonjwa arobaini waliokubali kumeza badala ya kuchomwa. Bila sahihi hizo, hakuna kutetea tasnifu.

Basi akarudi nyumbani, akakuta kikwazo chake kikuu ni mama mzazi.

Mama Véronique alikuwa muuguzi mstaafu, na sindano yake ilijulikana toka Kasongo mpaka Wamaza. Watu walikuja kwa pikipiki wamekaa vizuri, wakarudi wamekalia tako moja. Iliuma kuliko sindano zote za Maniema, na kwa sababu hiyo ilisifiwa. Sindano hiyohiyo ndiyo iliyomsomesha Magloire, kuanzia kalamu ya kwanza mpaka tiketi ya ndege. Majirani hawakuacha kumkumbusha: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

"Mzee, ulimaliza uji?" Mama Véronique aliuliza, akiingia na sindano mkononi.

Bulaimu akaonyesha bakuli tupu chini ya kitanda. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba: hakuna kuchomwa kabla ya kunywa bakuli zima la uji wa karanga, mzito, wenye mafuta, mbele ya macho ya Mama Véronique. Uji ulikuwa mchungu kidogo hata ukiongezwa sukari. Watu walilaumu sufuria.

"Sindano ikikuta tumbo tupu, inaangusha mutu," mama alisema.

"Mama, tumbo na tako vinajuana wapi?" Magloire alifoka. Imani za namna hiyo zilimchefua.

"Wewe ulisoma, mi sikatai. Sogea kidogo."

Akachoma. Bulaimu alipiga ukelele, mbuzi wakakimbia uani. Kisha akavuta suruali, akatoka akichechemea na kutabasamu.

"Hii njo dawa!" alimwambia Magloire mlangoni.

Magloire alizitupa karatasi zake mezani. Alitaka kulia, na hakuona haya.

"Miaka sita, mama! Nikirudi kule mikono mitupu, wananifukuza. Na wewe njo unafundisha watu wote kupenda sindano!"

Mama yake alikuwa anamtazama mikono.

"Unatetemeka."

"Ni hasira."

Akamgusa shingo. "Hii hasira iko na homa."

Kufika saa tisa mchana meno ya msomi yalikuwa yanagongana. Kichwa kilimpasuka, viungo vilimuuma, na blanketi tatu hazikumtosha. Mama Véronique akamletea bakuli. Magloire hakubishana juu ya tumbo wala tako. Alikunywa uji wote mpaka chini, akakunja uso kwa ule uchungu, akarudisha kijiko.

Halafu homa ikapanda tena, na miaka sita yote ikayeyuka. Akachungulia dirishani kuhakikisha hakuna jirani anayesikia.

"Mama," akanong'ona, "nipige sindano."

"Wewe?"

"Nipige tu. Usiambie mutu."

Akageuka, akashusha suruali, akauma mto, akafumba macho. Akangoja. Hakuna kilichomgusa. Alisikia maji tu, mama yake akisuuza bakuli.

"Vaa suruali, baba," alisema Mama Véronique. "Mutu mwenye alisoma, nitamudanganya na sindano ya maji kama wengine, ya nini? Kinini umemaliza kuimeza mu uji. Na zile karatasi zako, unatafuta watu makumi ine tu? Lusangi yote inameza tangu hujazaliwa."