Tarumbeta Ukutani

Raymundi alikuwa katikati ya wimbo, mashavu yamemjaa pumzi, alipomwona mama mkwe wake akiingia ukumbini.

Jumapili ile mchana klabu ya dansi ya Kitete ilikuwa imefurika. Kwao Unyamwezini mwanamume hatazamani na mama mkwe. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia porini kumpisha. Sasa hapa jukwaani pori lingetoka wapi? Akikimbia, wimbo umekufa. Akimkodolea macho, basi mkewe, aliyerudi kwao Lusu tangu mavuno akisema amechoka kuishi na mhuni wa madansi, hatarudi tena.

Akageukia ukuta.

Akapuliza hivyo hivyo, amewapa watu mgongo, mdomo wa tarumbeta karibu uguse picha ya Mfalme wa Uingereza. Kioo cha picha kikaingia ukungu. Wachezaji wakadhani ni mtindo mpya, wakashangilia. Na kweli ukawa mtindo, maana wapiga tarumbeta wa klabu ile waliendelea kugeukia ukuta miaka mingi baadaye, wala hawakujua kwa nini.

Wimbo ukaisha. Raymundi hakugeuka. Jasho lilimtiririka shingoni. Akasikia viatu vya kike vikipasua ukimya, vikaja kusimama nyuma yake kabisa.

“Mama anasema upige tena,” ikasema sauti ya mkewe, polepole, kama mtu anayezuia kicheko. “Ila usigeuke. Anataka kucheza.”