Uzi wa Kocha Mbwego

Uzi wa shanga tatu ulimfikia Kidawa, kipa wa timu, ukiwa umeshabandikwa kwenye pua kumi. Pua ya mwisho ilikuwa ya Mwanaidi, mwenye mafua ya kutiririka.

“Bandika ncha moja puani, mama, nyingine uinyooshe mbele, ukodolee shanga moja moja,” alisema Kocha Mbwego, aliyeapa kwamba uzi ule hunoa macho ya kudakia mpira. “Ukikataa, Jumamosi benchi.”

“Kocha, ncha ina kamasi. Mbichi. Na unywele wa pua.”

“Unaona! Uzi umeshakunoa. Mwezi jana hata mpira ulikuwa huuoni.”

“Mwezi jana nilikuwa na raha zangu.”

Wenzake wakaangua kicheko. Mbwego alimtazama kipa wa akiba, ambaye tayari alikuwa anajipangusa pua. Kidawa akabana pumzi, akausogeza uzi puani, macho kayafumba kabisa.